Je, Ni Aibu Kuacha Arusi na Kupiga Picha za Wanyama?

Kila kazi halali ina heshima yake, nalo Kanisa latufundisha hivyo kwa mfano wa karakana ya Nazareti. Walakini watu wana mizani yao wenyewe ya kuzipima kazi, na mara nyingi mizani hiyo haisemi kweli. Leo, ndugu msomaji, tuipime kazi moja tunayoijua sote katika miji yetu ya Butembo na Beni, yaani kazi ya mpiga picha. Mtu amepiga picha za arusi miaka ishirini au thelathini. Sasa mvi zimeingia kichwani, naye aamua kuziacha arusi na kuwapiga picha wanyama wa nyumbani: mbwa na paka, mbuzi na sungura. Je, amejishusha? Na zaidi ya hayo, katika nchi yetu hii yenye kilio, je, afanya haki?

Wako watakaocheka wakisikia swali hili. Lakini si la kucheka, maana ndani yake yamo maswali mawili makubwa. La kwanza: mtu mzima azitumie kwa nini nguvu zake zilizobaki? La pili: upendo wetu uwe na utaratibu gani, nani apendwe kwanza na nani baadaye?

Kwanza tuitazame kazi anayoiacha. Arusi kwetu si jambo la saa moja. Iko siku ya mahari, na katika desturi ya Wanande mahari ni mbuzi. Ukoo wa kijana huwaleta, ukoo wa binti huwatazama mmoja mmoja, na wazee husema yao. Iko ndoa ya serikali, halafu Misa takatifu, na mwisho karamu mpaka usiku. Mpiga picha yupo pote hapo. Husimama tangu asubuhi, hupiga magoti, hupanda juu ya kiti, hurudi nyuma, huwapanga mashangazi na wajomba ili asisahauliwe mtu. Zamani za filamu alikuwa na picha thelathini na sita tu katika mkanda mmoja, na baada ya hizo sharti anunue mkanda mwingine. Kwa hiyo alijifunza kungoja. Hakubonyeza mpaka ameona.

Naye ahifadhi kitu gani? Ahifadhi ahadi. Kanisa lafundisha kwamba katika sakramenti ya ndoa bwana arusi na bibi arusi ndio wanaopeana sakramenti hiyo, na padri huipokea ahadi yao kwa jina la Kanisa. Mpiga picha naye ni shahidi wa namna yake, ingawa jina lake haliandikwi katika kitabu cha parokia. Miaka kumi baadaye, nyumba ikiingiwa na ugomvi, ile picha ukutani huwakumbusha wawili waliyoyasema mbele ya altare. Na nani asiyemwelewa mkimbizi anayefunga picha ya arusi yake ndani ya kitenge, pamoja na kadi yake ya mpiga kura?

Hiyo ndiyo kazi anayoiacha. Wala si lazima awe ameiacha kwa uvivu. Magoti huchoka. Simu zimeingia katika kila mfuko, na kila mgeni wa arusi amekuwa mpiga picha. Tena tumepita katika taabu nyingi. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018, ulipotangazwa ugonjwa wa Ebola huko Mangina karibu na Beni, mpaka tarehe 25 Juni 2020 ulipotangazwa kwisha, watu 2,287 walikufa katika upande huu wa nchi, na hata kupeana mikono kukawa jambo la hofu. Na tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewatawanya watu wengi na kuvunja nyumba nyingi. Penye kukimbia, arusi huahirishwa.

Sasa tutafute mfano wa mtu aliyegeuka hivyo, tuone alivyofanya. Uko mmoja mkubwa, naye alifika mpaka kwetu Kivu. Ni Sebastião Salgado, mzaliwa wa Brazil, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki Paris mwezi wa Mei 2025. Yeye hakuwa mpiga picha wa arusi, lakini maisha yake yote alikuwa mpiga picha wa watu. Alisomea elimu ya uchumi, akafanya kazi London katika shirika la nchi zinazolima na kununua kahawa, zao ambalo wakulima wa Lubero na Beni walijua vema. Mwaka 1973 akaiacha kazi hiyo akashika kamera. Akawapiga picha wachimba dhahabu, wenye njaa, wakimbizi. Mwaka 1994 alikuwa Rwanda, na katika kambi za wakimbizi karibu na Goma, wakati watu walipokuwa wakifa kwa kipindupindu. Aliona mengi kupita nguvu za mtu. Mwili wake ukaanza kuugua, na daktari akamwonya kwamba asipoacha atakufa.

Akaacha. Akarudi pamoja na mke wake Lélia katika shamba la wazazi wake, nchi iliyokuwa imekauka, nao kuanzia mwaka 1998 wakapanda miti. Leo miti hiyo ni zaidi ya milioni mbili. Na mwaka 2004, akiwa na miaka 60, alishika tena kamera, lakini safari hii kwa ajili ya milima, misitu na wanyama. Mnyama wake wa kwanza alikuwa kobe mkubwa wa visiwa vya Galápagos. Mwenyewe alisimulia kwamba kila alipomkaribia akiwa wima, kobe alimkimbia. Basi alipiga magoti, akaweka viganja chini, akatambaa kwa kimo cha kobe. Ndipo kobe alipotulia. Wahenga wetu walisema kweli: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtu mwenye sifa dunia nzima, mwenye miaka sitini, atambaa chini mbele ya kobe! Je, hapo alijishusha au alipanda?

Tusijibu upesi. Yapo mashaka matatu yanayostahili kusikilizwa.

La kwanza ni shaka la heshima. Watu husema: huyu alikuwa akisimama karibu na altare, leo asimama penye zizi. Kutoka sakramenti mpaka mbuzi! Jibu lake si gumu. Maandiko Matakatifu yasema kwamba Mungu alipowaumba wanyama aliona kuwa ni vema, naye aliona hivyo kabla ya kumwumba mtu, pasipo mtu wa kumsifia. Tena Mtakatifu Fransisko wa Asizi, alipotengeneza pango la Noeli huko Greccio mwaka 1223, aliagiza ng'ombe na punda wa kweli waletwe, na mbele yao Misa ikasomwa. Hakuna aliyesema kwamba Misa ilishushwa. Anayeona aibu kumtazama mnyama hamwonei aibu mnyama tu, amwonea aibu na Muumba wake.

La pili ni shaka la haki, nalo ni zito. Kijana wa Beni aweza kumwambia yule mzee, "Papa, watu wanakufa upande wa Oicha na Eringeti, nawe unahangaika na picha ya mbwa?" Kijana huyo hasemi upuzi. Kwetu kamera imekuwa pia chombo cha kutoa ushahidi juu ya damu. Padri Vincent Machozi, wa shirika la Waasumpsionisti, alitangaza mauaji ya Beni na picha za waliouawa katika ukurasa wa intaneti uitwao Beni-Lubero Online; naye mwenyewe aliuawa karibu na Butembo, tarehe 20 Machi 2016, Jumapili ya Matawi. Mbele ya kaburi la mtu wa namna hiyo, ni nani atakayejisifu kwa picha ya paka?

Tena tumeona jinsi dunia inavyotazama. Mwezi wa Julai 2007 gorila wa milimani waliuawa katika mbuga ya Virunga, mmoja wao dume mkubwa aliyeitwa Senkwekwe. Mpiga picha Brent Stirton, wa Afrika ya Kusini, aliwapiga picha wanaume wengi wakimbeba juu ya miti waliyoifunga pamoja, kama watu wanavyombeba chifu aliyefariki. Picha hiyo ilizunguka dunia yote, na watu wa mbali wakalia. Lakini wangapi kati yao walilia kwa ajili ya wanakijiji wa Kivu waliokuwa wakifa miaka ile ile? Na wangapi wajua kwamba askari wa mbuga hiyo zaidi ya 200 wameuawa wakiilinda? Hapo twaona hatari: picha ya mnyama yaweza kuwa pazia la kumfunika mtu.

Lakini tusimame kidogo, maana Maandiko yatuonyesha pia njia nyingine. Mfalme Daudi alimwua Uria ili amchukue mke wake, na moyo wake ukawa mgumu, hakuona kosa. Nabii Natani alipokwenda kwake hakuanza kwa kusema habari ya Uria. Alimchorea kwa maneno picha ya mwana-kondoo mmoja. Maskini alikuwa naye, akamlea nyumbani pamoja na watoto, akala katika kipande chake na kulala kifuani pake. Tajiri akaja akamnyang'anya na kumchinja. Daudi akawaka hasira kwa ajili ya kondoo huyo, na ndipo nabii alipomgeuzia kidole. Angalieni, wapenzi: mfalme asiyeweza kuitazama damu ya mtu alifunguliwa macho kwa sura ya mnyama wa nyumbani. Picha ya Natani haikumfunika Uria, ilimfunua.

Na ile picha ya Senkwekwe? Wale waliouliza nani aliyemwua, na kwa nini, walikuta nyuma yake biashara ya makala, msitu kukatwa, silaha na fedha. Yaani walikuta maovu yale yale yanayowaua watu. Aliyelia akaenda zake, picha ilimfunga macho. Aliyelia akauliza, picha ilimfungua. Basi tofauti haimo katika picha tu. Imo katika mahali inapotupeleka.

La tatu ni shaka la kukimbia. Labda mzee huyu amewachoka watu. Bibi arusi hulalamika kwamba ametokea mnene, mjomba hataki kulipa, ukoo hugombana mbele ya kamera. Mbwa halalamiki! Hakika ni raha kumpiga picha asiyejibu. Lakini raha ya namna hiyo yaweza kuwa mtego. Anayempenda mnyama kwa sababu tu mnyama hamkatai, hampendi mnyama, ajipenda mwenyewe.

Walakini si kila kukimbia ni dhambi. Eliya alikimbia jangwani akatamani kufa, na Mungu hakumkemea. Alimpa mkate na usingizi, halafu akamrudisha kazini. Salgado naye alikimbia, akapona, na je, alibaki kwa kobe siku zote? La. Baada ya kumaliza kazi yake ya wanyama na milima, iliyotoka katika kitabu mwaka 2013, alirudi kwa watu: kitabu chake juu ya msitu wa Amazonia, kilichotoka mwaka 2021, kimejaa nyuso za watu wakaao humo. Alikuwa amejifunza kwa kobe namna ya kuinama, akainama sasa mbele ya mtu.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Katika kitabu cha Mwanzo Adamu alipewa kazi bustanini: Mungu alimletea wanyama, naye akawapa majina. Kumpa mnyama jina lake si kazi ya kufunga macho. Sharti umtazame mpaka umjue, huyu si yule. Adamu aliwatazama wote, na mwisho akatambua kwamba kati yao hakuna wa kumfaa kama mwenzake. Ndipo Mungu alipomletea Eva, na arusi ya kwanza ikafanyika.

Basi mpiga picha wetu aifuata njia ya Adamu kinyumenyume. Adamu alianza kwa wanyama akamaliza kwa arusi. Yeye alianza kwa arusi amaliza kwa wanyama. Je, amekosa njia? Hakukosa, kama akumbuka mambo yote mawili ambayo Adamu alijifunza. La kwanza: kila mnyama astahili kutazamwa mpaka ajulikane. La pili: hakuna mnyama awezaye kukaa mahali pa mtu. Anayesahau la kwanza huwa mkatili. Anayesahau la pili huwa mpumbavu, hata kama ana moyo mwororo.

Ndivyo lifundishavyo Kanisa. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yasema waziwazi kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na twapaswa kuwatendea wema. Kwamba kuwatesa bure ni kinyume cha hadhi ya mtu mwenyewe. Lakini pia kwamba haifai kuwatumilia fedha ambazo zingepaswa kwanza kuondoa taabu za watu, wala kuwapa upendo unaowapasa watu tu. Na zamani Mtakatifu Tomaso wa Akwino alionyesha kwamba mtu aliyezoea kumhurumia mnyama huwa mwepesi zaidi kumhurumia mtu. Baba Mtakatifu Fransisko, aliyejichagulia jina la yule maskini wa Asizi, alitetea viumbe vyote. Lakini tarehe 5 Januari 2022 aliwaonya pia wale wanaokataa watoto na kuweka mbwa na paka mahali pao. Hakujipinga mwenyewe. Alishika pande zote mbili za mizani.

Kwetu, mtu atasema, hatari hiyo haipo. Mbwa wetu hulinda ua, na paka hulinda mahindi na panya. Ni kweli kwa wengi. Lakini Butembo ni mji wa biashara, na fedha huleta desturi mpya. Tajiri anayelipa picha kubwa ya mbwa wake wa ulinzi, huku mlinzi wa usiku hajapata mshahara wa miezi miwili, amekwisha kuvunja utaratibu wa upendo. Na mpiga picha anayejua jambo hilo akanyamaza kwa ajili ya malipo, ashiriki kidogo.

Kwa upande mwingine, mwone mama mkimbizi aliyepanga chumba kimoja Butembo, mwenye mbuzi mmoja. Mbuzi huyo ni karo ya shule, ni dawa ya homa, labda ni mwanzo wa mahari ya mwanawe. Watoto wamempa jina. Mzee wetu akimpiga picha mbuzi huyo pamoja na watoto, kwa utulivu ule ule aliokuwa nao mbele ya bibi arusi, je, amepoteza wakati? Huyo ndiye mwana-kondoo wa Natani. Atakayeiona picha hiyo ataona mali yote ya nyumba moja, na labda atauliza nani aliyewafukuza kwao. Hata kwa elimu kazi hiyo ina faida: Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, kina kitivo cha tiba ya mifugo, na picha nzuri ya mnyama mgonjwa humfundisha mwanafunzi jambo ambalo maneno hayalifikishi.

Basi nitoe shauri langu kwa wazee wa kamera, na kwa kila mtu mzima anayegeuza kazi katika saa za jioni za maisha yake. Kwanza, asione haya. Mungu hatatuuliza kama tulitazama vitu vikubwa, bali kama tulitazama kwa haki na upendo vile alivyotupa. Pili, asiuache kabisa mlango wa watu: kila mwaka apige bure arusi moja ya maskini, au picha ya wazee wa parokia kabla hawajafariki. Tatu, asichukue malipo ya mnyama kwa kumdhulumu mtu. Nne, kila anapomaliza picha ya mnyama ajiulize: je, sasa namwona jirani yangu vizuri zaidi, au nimempa kisogo? Swali hili la nne ndilo lenye kupima yale mengine yote.

Nasi tusio na kamera tusijidhani tumesalimika. Kila mtu hutazama, na kila jicho huchagua. Jioni hii, utakapompa mbuzi wako majani au kumtupia mbwa mfupa, mtazame kidogo kama Adamu alivyomtazama. Halafu inua macho, umtazame na yule aliyeketi kando ya ua wako bila chakula, ambaye labda hujamwuliza bado jina lake.